Ngazi Iko Chini ya Sauti Yangu

Watu wa Masisi-centre wanapenda kusema Viateur haogopi kitu. Wanamuona kule juu karibu na bati, metre nane toka simenti, amejibandika ukutani na ndoo yake, anasugua vioo, na wananiambia: Mama Gisubizo, huyu shemeji yako moyo yake iko ya chuma. Mimi nawaangalia tu. Muntu anayelala na viatu, muntu ambaye akialikwa harusi anatafuta kwanza mulango ya nyuma kabla ya kutafuta kiti, huyo njo haogopi? Viateur iko muoga. Mimi pia niko muoga. Tofauti yetu ni moja tu: yeye akiogopa ananyamaza, mimi nikiogopa naongea.

Jina yangu ni Léontine, lakini toka nilipozaa mutoto wa kwanza nimekuwa Mama Gisubizo, na sikatai. Viateur ni mudogo wa bwana yangu. Bwana yangu aliitwa Ndayambaje. Nasema aliitwa, lakini hakuna aliyenionyesha kaburi.

Sisi tuko watu wa milima ya Masisi toka babu za babu zetu, watu wa maharage na mihogo, wa misa ya siku ya Mungu. Ndayambaje alipata shamba Kibua, upande ya Walikale, udongo muzuri mweusi, tukahamia kule sisi pamoja na Viateur. Asubuhi moja, imepita miaka tatu sasa, tulikuwa tunapalilia maharage. Viateur alikuwa juu ya mukaratusi pembeni ya shamba, anakata fito. Tukasikia watu wenye silaha katika njia. Mimi na bwana yangu tukalala chini katikati ya maharage, mukono yangu juu ya mudomo ya Gisubizo ili asilie. Wangepita. Walikuwa wanapita. Halafu moja akasimama, akaita kwa sauti: "Kuna mugonjwa hapa. Tunatafuta watu wa kipoyi."

Kama wewe si wa kwetu, nikuelezee. Kipoyi ni kitanda ya miti ambayo tunabebea mugonjwa ku mabega, wanaume ine, kupanda na kushuka milima mpaka hospitali, wengine wanapokezana njiani. Kwetu muntu hakatai kipoyi. Unaweza kuwa na ugomvi na mugonjwa, unaweza kuwa katika chakula, ukisikia kipoyi unaacha kijiko unasimama. Leo ni yeye, kesho ni wewe. Mutoto anajifunza hiyo kabla ya kujifunza kusoma.

Ndayambaje akasimama. Nilimushika shati. Aliniambia pole pole, "Ni mugonjwa, mama," kama vile mimi njo sikuelewa. Na kweli mugonjwa alikuwako, katika blanketi, damu imetapakaa. Walisema ni mpaka mulima ya mbele tu. Walipofika juu, bwana yangu aligeuza kichwa mara moja kuangalia maharage. Na mimi, Léontine mwenye mudomo, sikutoa hata neno moja. Bwana yangu hakurudi, na Viateur hakushuka katika ule muti mpaka jua ilipoingia. Tulipita Ntoto na mizigo ku kichwa, tukafika Masisi, na toka siku ile mimi na yeye hatujaongea juu ya asubuhi ile hata mara moja.

Basi, kazi ya vioo. Papa Athanase, mufanyabiashara wa maharage, alijenga galerie hapa Masisi-centre, jumba kubwa moja ndani yake kuna wauza vitenge, wauza sabuni, watu wa kuchaji simu, na kule mwisho mashine ya kusaga mihogo. Kwa kuwa umeme hapa ni ya kubahatisha, aliweka madirisha juu kabisa chini ya bati, nane upande huu na nane upande ule, ili mwanga ya Mungu iingie bila kulipiwa. Vioo vilitoka Goma juu ya lori, vimefungwa ndani ya magodoro. Pale Mubambiro, ku kambi ya waaskari, dereva aliambiwa afungue godoro moja moja waone kama hakuficha kitu, na vinne vikavunjika palepale. Papa Athanase bado anavitaja kama watoto waliokufa.

Kitu ambacho hakufikiria ni unga. Mashine inasaga, unga inapanda juu, inakutana na moshi ya makaa na baridi ya asubuhi, inashika kioo na inakauka. Si vumbi tena, ni bukari, ni ugali kabisa. Katika mwezi moja jumba yote ilikuwa giza, na wanamuke walikuwa wananunua kitenge cheusi, wanafika nje wanakuta ni kijani, wanarudi na matusi. Njo hapo Papa Athanase alitafuta muntu wa kupanda. Viateur alikuwa amepanda miti maisha yake yote. Alikubali bila kuuliza kitu, halafu akaniambia mimi nitashika ngazi. Nilikubali sababu ya watoto. Roho yangu haikukubali, mpaka leo.

Kazi yenyewe iko hivi. Chini ya madirisha kuna ukingo ya beton, ya zege, upana yake haizidi urefu ya kiatu. Viateur anapanda ngazi, anaweka miguu ku ukingo, uso ukutani, mukono moja inashika chuma ya dirisha na mukono ingine inafanya kazi. Kwanza analowanisha, anangoja bukari ilainike. Halafu anakwangua na kipande cha mwanzi, sababu chuma inachora kioo. Anasugua na chandarua ya zamani iliyokunjwa kama mupira. Mwisho anavuta maji na kipande cha mupira ya ndani ya gurudumu kilichopigiliwa ku mubao. Akimaliza dirisha moja anasogea kando kando ku ukingo mpaka dirisha linalofuata, na mimi kule chini nasogeza ngazi nimufuate.

Juma ya kwanza kidogo nimuue. Mwenye mashine ya kusaga ni mama moja anaitwa Byukusenge, ulimi yake inakata kuliko wembe, na siku ile alikuwa amechukua bidon yangu ya maji bila kuomba. Niliacha ngazi ku dirisha ya tatu nikaenda kumuonyesha mimi ni nani. Tulikuwa katikati ya kuonyeshana nilipogeuka nikaona Viateur ameshusha muguu ku dirisha ya ine, anatafuta ngazi, na ngazi haiko. Aliteleza. Alibaki ananing'inia ku chuma kwa mukono moja, halafu akajivuta, akarudi ku ukingo. Hakupiga kelele. Mimi njo nilipiga.

Nilirudisha ngazi, akashuka. Aliniambia maneno mengi kuliko nilivyowahi kumusikia.

"Mama Gisubizo, kule juu sioni chini. Nikigeuza kichwa, mwili inafuata. Sasa, wewe ongea. Ongea kitu chochote. Nitajua ngazi iko chini ya sauti yako. Ukinyamaza, nitajua kuna kitu, na mimi nitashuka palepale nilipokusikia mara ya mwisho."

Hivyo njo tulianza. Kila siku ya ine, Alhamisi, Byukusenge anazima mashine masaa mawili, na mimi naongea masaa mawili. Naongea juu ya nani ameoa, nani ameachwa, sombe ya nani ilikosa chumvi. Nikiishiwa nataja majina ya nyumba zote toka Kibua mpaka Ntoto, mulango kwa mulango. Galerie yote inajua hiyo sheria yetu na wanacheka. Byukusenge aliniita redio isiyoisha mawe, betri zisizokwisha. Kila siku ya ine, akikaa pale bila wateja, alikuwa ananirushia neno moja: "Mudomo iliponza kichwa, Léontine." Na mimi namujibu, na ile pia inakuwa sauti, Viateur anaendelea kusugua.

Watu wanacheka lakini mimi sikuwahi kucheka. Unashika miti mbili ya mukaratusi iliyofungwa na kamba za mupira, unasikia uzito ya muntu inatikisika ndani ya viganja vyako, na unajua hapo juu iko baba ya mwisho ambaye watoto wako wamebaki naye. Mate inakauka na bado unaongea. Usiku nilikuwa naota nimenyamaza.

Siku ya ine ambayo nataka kusema, mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Ilikuwa kama saa ine ya asubuhi. Tulikuwa tumemaliza upande ya barabara, vioo vyote nane vinang'aa, tumehamia upande ya mashine ambako uchafu njo mingi. Viateur alikuwa kati ya dirisha ya tano na ya sita. Bukari ilikuwa inamwangukia vipande vipande, unga imemujaa kichwani, shingoni, ku nguo, mpaka kati yake na ule ukuta kulikuwa hakuna tofauti. Nilikuwa namuelezea habari ya mbuzi ya catéchiste.

Risasi ililia upande ya barabara. Moja, mbili, halafu nyingi. Unajua namna watu wa hapa wanakimbia: hakuna anayeuliza. Vitenge vilibaki vimetandikwa, simu zimebaki ku waya, Papa Athanase mwenyewe aliacha kiatu kimoja katikati ya jumba. Nilisema, "Viateur, shuka." Nikaona kisigino chake kinaacha ukingo. Palepale nikaona kivuli ku mulango kubwa, na bunduki mbele ya kivuli.

Nikasema, "Na ile mbuzi, unajua, haikurudi tena."

Kisigino kikarudi juu.

Waliingia saba. Ine kati yao walikuwa wameshika pembe za blanketi, na ndani ya blanketi kulikuwa kijana mwenye jeraha ya tumbo, uso yake imekuwa rangi ya majivu. Mukubwa wao alikuwa na kofia ya sufu na macho mekundu. Aliangalia jumba tupu, akaniangalia mimi na ngazi yangu.

"Wanaume wako wapi?"

"Walikimbia, mukubwa. Wote. Hapa wanaume ni wa kwanza kukimbia, hata mwenye nyumba amekimbia na muguu moja, kiatu chake kile pale, mimi nimebaki sababu niko mujinga, nilikuwa najitayarisha kufuta ukuta..."

Hakunisikiliza. Alienda ku mulango ya nyuma inayoangalia nyumba za watu, akaweka mikono ku mudomo, akaita:

"Kuna mugonjwa hapa. Tunatafuta watu wa kipoyi."

Maneno yale yale. Nilikaza mikono ku ngazi. Nje najua kila mwanaume aliyejificha chini ya kitanda aliisikia, na moyo yake ikamupiga. Lakini mimi nilikuwa nafikiria masikio mbili tu, metre nane juu ya kichwa yangu, masikio ya muntu aliyelelewa na mama yule yule aliyemulea Ndayambaje. Nilijua anasikia mugonjwa analia. Nilijua mwili yake inataka kushuka bila kumuomba ruhusa. Nikapandisha sauti. Nikasema mukubwa pole, nikasema mashine ya mihogo iko na mafuta kidogo, nikasema maharage ya mwaka huu yameoza na mvua, sijui hata nilisema nini. Nilitaka tu asikie mimi na asisikie yule kijana.

Watu wawili walikuja wakashika ngazi. Mimi sikuachia. Walivuta, nikavuta. Mukubwa akasema, "Mama, hiyo njo kipoyi yetu," na moja akanipiga kitako cha bunduki ku bega. Nilianguka. Ngazi ikaenda, inakwaruza simenti. Mikono yangu ilibaki imeinuka bila kushika kitu.

Na sasa, wewe unayesoma, unaelewa nilikuwa wapi. Sheria yetu ilisema ngazi iko chini ya sauti yangu. Ngazi haikuwa tena chini ya sauti yangu. Nikinyamaza, Viateur atashuka palepale, na palepale hakuna kitu, ni simenti. Nikimuambia usishuke, watainua vichwa, watamuona, watakuwa na mubebaji wa kipoyi ambaye anajua milima yote. Nikihama mahali, atanifuata. Kilichobaki ni kukaa chini pale nilipoangukia na kuongea.

Niliongea nikiwa chini. Mukubwa akasema, "Nyamaza." Nikasema, "Mukubwa, nikinyamaza nakufa, niko hivi toka tumboni mwa mama, uliza muntu yeyote hapa." Akanikaribia. Ile kiatu yake ilisimama karibu na vidole vyangu. Nilifunga macho nikaongea na macho yamefungwa.

Njo yule kijana mwenye jeraha aliongea. Walikuwa wamemulaza ku ngazi yangu, wanamufunga na vitenge vipya vya wauzaji. Alisema, "Mwache aongee. Mama yangu iko hivyo hivyo." Sauti yake ilikuwa ya mutoto. Mukubwa akaondoa kiatu. Mpaka leo sijui kama nimuombee yule kijana ao nimulaani, na siku zingine nafanya zote mbili.

Nilidhani wataenda. Hawakuenda. Bado kulikuwa risasi upande ya daraja, na walingoja. Walikaa ku mifuko ya unga, wakakula mikate ya watu. Nusu saa, saa moja, saa moja na nusu. Nilitaja nyumba zote toka Kibua mpaka Ntoto, nikarudi toka Ntoto mpaka Kibua. Nilieleza namna ya kuchagua mbegu ya maharage. Koo ilianza kunikwaruza, halafu ikaanza kuchomeka. Sikuinua macho hata mara moja. Shingo yangu ilikuwa inauma kwa kujizuia.

Halafu tone la maji likaanguka. Chandarua yake ilikuwa na maji, na tone lilianguka ku simenti karibu na muguu ya mukubwa. Lingine likafuata. Mukubwa aliangalia ile alama, akainua kichwa.

Sikupata hata wazo moja. Lakini mudomo, Mungu asifiwe, mudomo ilikuwa imezoea kwenda peke yake. "Ni bati, mukubwa," nikasema. "Usiku mvua imenyesha, na Papa Athanase toka mwaka jana anasema atatengeneza bati, atatengeneza, na mimi njo napanguza kila siku." Mukubwa alikaza macho. Nyuma yake vioo nane tulivyoosha vilikuwa vinamwaga mwanga ku ukuta ile nyeupe, na ukuta ilikuwa ukuta, nyeupe toka mwanzo mpaka mwisho. Akapangusa macho na kidole. Akahamisha muguu yake mbali na maji.

Wakati risasi ilipoisha kule ku daraja, waliinuka. Nje walikuwa wamekamata wanaume wawili nyuma ya nyumba, waliovutwa na neno ile ile, na hao njo waliwekwa mbele ya kipoyi. Niliona ngazi yangu inatoka ku mulango juu ya mabega ine. Niliongea mpaka kivuli cha mwisho kikatoka. Niliongea mpaka viatu vyao vikaisha katika matope. Halafu nikafungua mudomo niseme maneno niliyokuwa nimeyabeba masaa mawili: Viateur, usishuke, ngazi haiko.

Hakuna kilichotoka.

Nilijaribu tena. Pumzi ilipita lakini sauti haikuwemo, ilikuwa imeisha kabisa, kama bidon iliyotoboka. Mimi Léontine, redio isiyoisha mawe. Jumba ikanyamaza. Nikainua macho, na nikaona kisigino chake kinaacha ukingo, kinashuka pole pole, kinatafuta.

Niliinuka. Nilipunga mikono, na najua haoni. Nilipiga makofi, na vidole vyangu vilikuwa vimelegea, havikulia. Nilikimbilia chini yake nikanyoosha mikono, mimi mwanamuke wa kilo makumi tano, nimudake. Goti yake ilikuwa imekwisha pita ukingo.

"Viateur. Rudisha muguu."

Sauti ilitoka nyuma ya mashine, ndani ya sanduku ya mubao ambamo unga inaangukia. Kichwa ya Byukusenge ilitokea, nyeupe yote, na macho mawili tu. Sikujua iko pale. Hakupata nafasi ya kukimbia, alikuwa amejizika ndani ya unga toka mwanzo.

"Rudisha muguu, ngazi haiko, walienda nayo. Léontine iko hapa. Haiko na damu, iko muzima, ni sauti tu imeisha, hata mimi sikuamini ingeisha siku moja. Shika chuma, baba. Shika. Mimi njo nitaongea sasa. Unanisikia? Shika chuma."

Goti ikapanda. Muguu ikafika ku ukingo. Byukusenge alitoka katika sanduku, akaja kusimama pale nilipokuwa, akanishika mukono, na akaongea. Sikujua yule mama iko na maneno mengi hivyo. Alisema ubaya wote anaoujua juu yangu, wa bidon na wa mengine, machozi yanamuchora mistari katika unga, na hakunyamaza mpaka Papa Athanase aliporudi na watu saa nane ya muchana, wakakata miti mbili nyuma ya kanisa, wakafunga ngazi mupya.

Viateur alishuka taratibu. Alipofika chini hakusimama, alikaa ku simenti, mikono imekunjamana kama bado inashika chuma. Wengine walitoka kuangalia nyumba zao. Mimi hasira ilinipanda, hasira ya woga, wanaojua wanaijua. Nilimuinamia sikioni, sababu nilibakiwa na pumzi tu.

"Ulisikia wakichukua ngazi?"

"Nilisikia."

"Ulisikia vizuri?"

"Nilisikia inakwaruza simenti mpaka ku mulango."

"Basi ulijua chini hakuna kitu. Masaa mawili naongea koo inapasuka, nadhani hujui, kumbe unajua. Kwa nini ulishusha muguu?"

Aliangalia mikono yake. Alijaribu kunyoosha vidole, havikunyooka.

"Ulinyamaza," akasema. "Nikajua wamekuchukua kubeba, kama kaka. Kule Kibua nilikuwa juu, nilimuona anageuza kichwa, na nilibaki juu. Mara hii nilikuwa nakufuata."

Sikuwa na sauti ya kumutukana, na sikuwa na sauti ya kumuambia kwamba ile kichwa ya Ndayambaje mimi pia niliiona. Niliokota kipande cha chandarua kilichokuwa kimeanguka, nikamupangusa unga ku uso. Kilikuwa bado na sabuni, na alifunga macho.